Bado Sijamaliza, Bibi!

Mimi kazi yangu ni mdomo. Ukiwa Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma ukasikia kirikuu kinapita na maspika mawili juu, sauti inakuambia magodoro yameshuka bei au kuna mkutano wa injili jioni, basi huenda ni mimi. Sijasomea utangazaji. Nilianza kwa kupiga debe stendi, koo likazoea kulipwa.

Mwezi wa tatu bwana afya wa kata yetu akanipigia simu. Kampeni ya kifua kikuu ilikuwa inaelekea tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na Jumamosi yake kungekuwa na bonanza kwenye uwanja wa shule ya msingi: mbio za pole saa kumi na mbili asubuhi, kuvuta kamba, akina mama kufukuza kuku, halafu upimaji wa presha na sukari, na wenye kikohozi wachukuliwe makohozi. Vipimo bure. Supu inauzwa. Hilo la supu alilirudia mara tatu, maana mwaka uliotangulia mtangazaji wao aliteleza ulimi na watu wakaja na mabakuli.

Nikasema hakuna shida, kesho flashi iko kwenye gari.

Sasa lazima niwaeleze habari za choo changu, maana bila choo hakuna kisa.

Choo chenyewe ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, tofali za kuchoma, juu bati. Kizuri tu. Tatizo lilikuwa mlango. Ulikuwa wa mbao, na mchwa wa Dodoma mnamjua: hali ovyo, anakula kwa adabu. Anaiacha rangi imesimama, ndani anabakiza unga. Nilifungua na kufunga ile rangi kwa miezi kadhaa nikiamini nina mlango, mpaka siku moja ya Januari ukaja ule upepo unaotangulia mvua. Nilichookota ni komeo na bawaba mbili.

Nikatundika kanga ya zamani ya mke wangu, kwa muda. Ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Sikuichagua mimi, ndiyo iliyokuwa karibu.

Kanga haina komeo, kwa hiyo tukawa na sheria ya kukohoa. Ukienda chooni, ukifika kwenye kona ya jiko unakohoa mara moja, maana yake hodi. Aliye ndani anakohoa mara mbili, maana yake yumo mtu, rudi. Ukimya ni karibu. Mwanangu wa miaka saba aliona kukohoa ni kazi bure, yeye alikuwa anajibu kwa maneno.

Sheria ilikwenda vizuri mpaka mke wangu alipojifungua, na mama mkwe akaja kutoka Kongwa kulea mzazi. Alishuka na kuku wawili, unga wa uwele, mlenda mkavu kwenye mfuko wa sukari na karanga nusu gunia. (Kongwa hiyo hiyo ambako Waingereza walikuja na matrekta mwaka 1947 kulima karanga, mradi ukawafia mikononi. Mama mkwe analima kwa jembe la mkono na kila mwaka anatuletea.)

Wenye wakwe mnanielewa. Mimi na mama mkwe wangu hatuketi mkeka mmoja. Tukikutana uchochoroni, napisha mpaka nakaribia kupanda ukuta. Sasa wachukue watu hao wawili uwape choo kimoja chenye mlango wa kanga.

Mke wangu alimweleza sheria siku ya kwanza. Mama akaipokea kwa moyo wote, kuliko sisi tulioitunga. Yeye alianza kukohoa akiwa bado kwenye mkeka, akakohoa njiani, akakohoa kwenye kanga, na akiwa ndani hakungoja mtu aje, alikohoa mbili-mbili kila baada ya muda, kama mlinzi anayepiga filimbi ya usiku. Na kila kikohozi alikimalizia kwa sauti ya chini, ya kuchoka: "Ee Mulungu." Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka. Ya pili nikawa kama mtu aliyejenga kando ya reli, treni inapita na hageuki.

Ndiyo maana sikusikia chochote siku niliyorekodi.

Ilikuwa alfajiri. Ndani kichanga analia, mbele ya nyumba jirani ananoa jembe. Mahali pekee palipokuwa na utulivu ni nyuma, kati ya ukuta na choo. Nikashika simu, nikajifuta uso, nikashusha sauti yangu ya misiba:

"Je, wewe unakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Unatokwa jasho usiku? Unapungua uzito? Wahi kapime. Kifua kikuu kinatibika. Vipimo bure, dawa bure. Dozi ni miezi sita, usiikatishe!"

Na bonanza, na supu inayouzwa. Nikaweka muziki kidogo mwanzoni, nikahamishia kwenye flashi, nikampa dereva. Sikurudia kusikiliza. Nani anajisikiliza?

Saa nne nikiwa soko la Sabasaba natafuta chaja, kirikuu kikapita. Sauti yangu ikauliza, je, wewe unakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Na hapo, kwa maspika mawili, mama mkwe wangu akajibu:

"Kho-kho. Ee Mulungu."

Niliganda. Nikajiambia labda ni mtu sokoni. Sauti yangu ikaendelea, dawa bure, dozi ni miezi sita, usiikatishe! Kisha sauti ya mwanangu, safi kabisa, ikitoka ndani ya choo:

"Bado sijamaliza, bibi!"

Vijana wa bodaboda walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Muuza nyanya akasema, "Hilo ndilo tangazo, siyo yale ya kila siku."

Nikaanza kumpigia dereva ili azime. Kabla sijampata, simu ya bwana afya ikaingia. Nikapokea huku nimeandaa samahani zote nilizokuwa nazo.

"Kaka," akasema, "umetuua! Hapo kwenye dozi, mtoto anamwambia bibi bado sijamaliza, yaani hawezi kuacha dawa katikati! Tatizo letu kubwa ndilo hilo, mtu akipata nafuu mwezi wa pili anaacha. Na yule mama, umempata wapi? Anakohoa kama mgonjwa kweli."

Mahali pa kusema ukweli palikuwa hapo. Nikasema, "Ni mwigizaji."

"Basi Jumamosi umlete jukwaani."

Jioni nikiwa nakula, kirikuu kikapita mtaani kwetu. Mama mkwe alikuwa anachambua karanga uani. Akainua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Maskini," akasema. "Yule mama apelekwe hospitali. Kifua kile siyo kizuri."

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama mlenda.

Alhamisi ndiyo mambo yalipoharibika zaidi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na kwetu akaja dada mmoja mwenye fulana ya kampeni na daftari. Tukamkaribisha kiti. Hata hajafungua daftari, kule nyuma kikasikika: kho-kho, ee Mulungu.

"Huyo ni nani?"

"Mama," mke wangu akasema.

"Kaanza lini kukohoa?"

"Tangu alipofika. Wiki ya tatu hii."

Nilimkonyeza. Alidhani nina mchanga jichoni.

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo zaidi." Ni kweli. Mama hupenda chai ya jioni, na chai ina mambo yake.

"Jasho je?"

"Chini ya bati hili, mwezi wa tatu? Kila mtu."

"Kapungua mwili?"

"Si unajua kulea mzazi, dada. Halali."

Kalamu ilikuwa inakimbia. Akamtazama kichanga, akauliza kama kapata chanjo ya kifua kikuu, akaoneshwa alama kwenye bega la kulia. Akanigeukia. "Na wewe baba, unakohoa?"

"Kidogo."

"Na huyu mtoto?"

"Mimi huwa nasema tu," mwanangu akajibu. Dada hakuelewa, akaandika.

Mngeniuliza kwa nini sikusema ni suala la mlango. Jamani. Mtu mzima, sauti ya afya ya kata nzima, nimweleze mtu mwenye daftari kwamba kwangu choo kina kanga? Bora kifua kikuu, kina dawa.

Dada akaacha kikopo chenye kifuniko, akaeleza: makohozi ya asubuhi, yatoke kifuani, siyo mate, aje nayo Jumamosi. Alipoondoka mpangaji wetu akamwambia mama kwamba makohozi hayo hunuswa na panya. Sijui kwa nini watu wanashindwa kunyamaza. Ni kweli kule Morogoro wapo panya buku waliofundishwa kunusa kifua kikuu, na panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20, lakini huku kwetu zinapimwa kwa mashine. Mama hakutaka kusikia ya mashine.

"Wamefundishwa?" akauliza. "Panya wa kwangu hawajaenda shule na gunia la karanga wanalinusa kutoka mlimani."

Ijumaa na Jumamosi asubuhi alijitahidi kwa uaminifu. Alisimama uani na kikopo, akakohoa vizuri kabisa, na hakikutoka kitu. Kilikuwa kikohozi cha heshima, hakina mzigo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mbio za pole zilikuwa zimekwisha, watu wana vumbi mpaka kwenye nyusi, kuku wa mashindano kakimbilia darasa la nne na akina mama sita nyuma yake. Mama mkwe alikaa kwenye foleni ya presha na mjukuu, kikopo kimefungwa kwenye ncha ya kanga. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, na mpango mmoja tu: nitangaze kwamba mwigizaji amepata udhuru.

Bwana afya akapanda kabla yangu. Akaeleza kwamba tarehe 24 Machi mwaka 1882 daktari Robert Koch, kule Berlin, alitangaza kimelea kinacholeta kifua kikuu. Akaeleza kwamba siyo kulogwa, kinaenezwa kwa hewa, fungueni madirisha. Vizuri sana. Kisha akasema, "Na sasa tusikilize lile tangazo lenu!"

Maspika ya jukwaani ni makubwa kuliko ya kirikuu. Kikohozi kilitoka kama radi. Watu wakashangilia, wakakisaidia: "Ee Mulunguuu!" Nilimwona mama mkwe akigeuka polepole. Na sauti ya mtoto ilipotoka, mwanangu akasimama juu ya benchi.

"Hiyo sauti yangu! Nilikuwa chooni! Bibi alitaka kuingia!" Halafu, kwa sababu uwanja ulikuwa umenyamaza na yeye kazi ya mdomo kairithi, akaongeza, "Choo chetu hakina mlango!"

Wagogo wanasema jina la Dodoma limetokana na *idodomya*, imezama, kwa ajili ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye matope. Siku zote nilijiuliza tembo anazamaje mzima mzima. Siku hiyo nilimwelewa.

Mama mkwe akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya watu mpaka jukwaani. Nilishuka kumpisha, kama kawaida, nikajikwaa kwenye waya. Akachukua kipaza sauti kwenye mkono wangu bila kunitazama usoni.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa!" uwanja mzima ukaitika.

"Mimi sina kifua," akasema. "Mkwe wangu hana mlango."

Akarudisha kipaza sauti, akarudi kwenye foleni yake, na watu wakawa wamemtunzia nafasi.

Presha yake ilikuwa nzuri. Kikopo dada alikitazama kwenye mwanga, akasema haya ni mate, mama. Wakasikiliza kifua chake, kisafi, wakamwambia akiendelea kukohoa bila sababu ya choo arudi. Aliyeambiwa akae kivulini apimwe tena ni mimi.

Malipo ya tangazo sikuyaona. Bwana afya aliyashika mkononi, akaniuliza fundi wangu ni nani, tukaenda wote. Mlango ni wa bati, fremu ya chuma, komeo ndani na nje. Mchwa aje tuone. Tangazo lilipigwa mpaka mwisho wa mwezi, hawakukubali nirekodi jingine, na mpaka leo nikipita kijiweni vijana wanakohoa.

Mama mkwe alirudi Kongwa siku arobaini zilipotimia. Juzi kapiga simu, jina lake nikaliona, nikaiweka sikioni. Kabla ya salamu akakohoa mara moja. Mimi bila kufikiri nikakohoa mara mbili.

Pakawa kimya kidogo upande wa pili.

"Basi mwanangu," akasema, "nitapiga baadaye." Akakata.