Yule anayechoka kujizuia mapema

Alfajiri, mwalo wa Igombe. Vijana wawili wanashuka kwenye mtumbwi mmoja, wamevuta nyavu za dagaa usiku kucha, mgawo wao ni sawa. Mmoja anatuma pesa nyumbani kwa simu hata koti hajavua. Mwenzake, ikifika saa nne asubuhi, nusu ya pesa ameshainywa. Hapa Mwanza hukumu yetu iko tayari: huyo hana nidhamu.

Hukumu hiyo ina hoja zake. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake, Marekani, walidai kuwa kujizuia huchoka kama msuli: walioambiwa wale figili huku biskuti za chokoleti zikiwanukia walihangaika na fumbo walilopewa baadaye kwa kama dakika 8 tu wakaliacha, walioruhusiwa biskuti wakafika 19. Mwaka 2016 maabara 23 zilijaribu upya dai hilo la uchovu, kwa njia nyingine, zikaambulia karibu patupu. Basi uchovu ni kisingizio, wanasema. Ni kweli pia kwamba wapo wenye shida nzito wasiogusa chupa.

Ila waliopimwa maabara hawakuwa na deni dukani. Mimi narudi kila mara kwa wakulima 464 wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao utafiti wao ulitoka mwaka 2013. Walipimwa kabla ya mavuno, mfukoni hamna kitu, kisha baada ya mavuno. Vipimo vya akili, pamoja na kile cha kuzuia jibu linalokuja lenyewe, walivifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Watu wale wale! Hakulinganishwa mvivu na hodari. Ni mkulima yuleyule, dhiki ilipompungukia.

Sasa mtazame mvuvi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na unga unachukuliwa kwa mkopo. Giza likirudi, pesa ya kwanza inamkuta ameshahesabu madeni siku nyingi, hajalala, amelowa, na baa iko hatua chache kutoka majini. Mwenzake ana kaka anayelisha nyumba siku hizo. Tunaona chupa, siku zile za mbalamwezi hatukuwa naye.

Namjua tajiri mmoja, mwenye mtumbwi, aliyeacha kulipa alfajiri. Analipa saa kumi jioni, watu wakishalala na kula. Mitumbwi ya jirani bado inagawana pesa palepale mchangani.