Mkenya Akikimbia Doha, Usimtazame kwa Simu

Tarehe 27 Septemba 2019, saa sita kasoro dakika moja usiku, wanawake 68 walianza marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Doha. Joto lilizidi nyuzi 30 hata usiku huo, na hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Waliomaliza walikuwa 40 tu, wa kwanza akiwa Ruth Chepngetich wa Kenya. Njia ilikuwa mzunguko wa kilomita 7 kando ya bahari, pale Corniche, hivyo aliyesimama mahali pamoja alimwona akipita karibu mara sita bila kulipa hata riyali moja. Siku mbili baadaye, fainali ya mita 100 ya wanawake ilikimbiwa katika uwanja wa Khalifa huku sehemu kubwa ya viti ikiwa mitupu. Mji huohuo umejaa walinzi, madereva, wapishi na wasaidizi wa nyumbani waliotoka Kakamega, Siaya, Vihiga na Kisumu.

Huku kwetu, kijana akipata kazi Ghuba huagwa kwa maneno yaleyale: fanya kazi, tuma pesa, usitoketoke. Siyakubali. Siku ya mapumziko imo ndani ya mkataba kama mshahara ulivyo, na kuitumia kumshangilia mkimbiaji wetu kama Emmanuel Wanyonyi au Faith Kipyegon ana kwa ana si ubadhirifu. Nchini Qatar, sheria namba 15 ya 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Falme za Kiarabu nazo zina sheria ya 2022 inayompa siku moja yenye malipo. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni maandalizi.

Anza na ruhusa, hasa ukiwa unakaa nyumbani kwa mwajiri. Usitoke kwa kuambiana mdomoni tu. Mwandikie WhatsApp siku kadhaa kabla: unakwenda uwanja gani, utatoka saa ngapi, utarudi saa ngapi. Akijibu, hifadhi jibu lake, kwa sababu mfanyakazi asiyeonekana anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Ripoti hiyo, Wakenya walioko Saudia wanaijua kwa jina la harub, na kuifuta ukishaandikiwa ni kazi ngumu. Tembea na kitambulisho chako halisi cha ukaaji. Pasipoti iache mahali salama, lakini iwe mikononi mwako. Mwajiri haruhusiwi kisheria kukushikia, iwe Qatar au Falme za Kiarabu.

Tiketi ndiyo inayowashinda wengi, na bei mara nyingi si tatizo. Katika Kombe la Dunia la 2022, wakazi wa Qatar walitengewa tiketi za daraja la nne kwa riyali 40 kwa mechi za makundi. Riyali ikiwa karibu shilingi 35, hizo ni kama shilingi 1,400, na kima cha chini cha mshahara huko ni riyali 1,000 kwa mwezi. Tatizo huja kwenye malipo. Kadi ya mshahara aliyopewa mfanyakazi huenda haijafunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na hata ikiwa imefunguliwa, benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa siku akaunti ilipofunguliwa. Simu hiyo mara nyingine ni ya wakala au ya afisa wa kampuni! Dakika za kulipia zinaisha, tiketi inarudi sokoni. Nenda benki mapema, badilisha namba iwe yako, uliza kama kadi inalipa mtandaoni. Njia ya pili ni kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ila inataka laini yako ya Safaricom iwe hai na ipokee ujumbe ukiwa nje ya nchi. Laini iliyokaa miezi bila kutumika hufungwa, na watu hugundua hilo wakiwa tayari wameshachagua kiti.

Nunua kwa waandaaji wenyewe au kwenye soko lao rasmi la kuuziana. Picha ya tiketi uliyotumiwa na mtu wa kundi la WhatsApp haina thamani, kwani baadhi ya programu za tiketi hubadilisha msimbo kila mara, na mashine ya langoni huusoma ule ulio hai tu. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Simu iwe na chaji ya kutosha hadi saa ya kurudi, na bendera yako usiifunge kwenye mti. Walinzi wataunyang'anya mti na kukuachia kitambaa.

Kuhusu kiti, nina msimamo. Mpenzi wa riadha asijitese kutafuta mstari wa kumalizia. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zina viunzi 28 na maji mara 7, na katika viwanja vingi kidimbwi kiko kwenye kona ya mwisho, ambako viti huwa nafuu. Pale unaona nani anakanyaga kiunzi vizuri, nani anatua majini na kupoteza mwendo. Ni kweli kwamba Conseslus Kipruto wa Kenya alimshinda Lamecha Girma wa Ethiopia mwaka 2019 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na kuliona hilo ungehitaji kukaa penye mstari. Lakini skrini kubwa itakuonyesha, na kona itakuwa imekupa mbio zote.

Ukiwa Qatar, lenga mkutano wa Diamond League, msururu wa mashindano ya riadha ya kila mwaka, ambao Doha kwa kawaida huwa Mei. Kuanzia 2022 hadi 2025 uliangukia Ijumaa jioni, siku ambayo wafanyakazi wengi wanapumzika. Metro ya Doha ni riyali 2 kwa safari, 6 kwa siku nzima, ila Ijumaa treni huchelewa kuanza kuliko siku nyingine. Soma tiketi yako vizuri, maana miaka hiyo mkutano ulikuwa uwanja wa Suheim bin Hamad, si Khalifa. Kwa mashindano ya Khalifa shuka Sport City, laini ya dhahabu.

Raga ya wachezaji saba ya Dubai ni hesabu nyingine. Waliozoea mashindano ya raga ya Dala Sevens hapa Kisumu au Prinsloo kule Nakuru watafurahi, kwa kuwa ni siku nzima za mechi, viwanja vingi, tiketi moja. Uwanja wa The Sevens uko nje ya mji, barabara ya Al Ain, na metro haifiki. Tafuta basi la kurudi kabla hujaingia. Usiku watu maelfu wakitoka pamoja, nauli ya teksi hula pesa ya chakula cha wiki. Anayefanya kazi Saudia asifikiri atavuka mpaka kirahisi: anahitaji viza ya kutoka na kurudi, kisha ya nchi anayokwenda.

Neno kwa walioajiriwa kama walinzi kwenye viwanja: beji ya kazi si tiketi. Inakuruhusu eneo lako tu, na zamu ikiisha huwezi kukaa jukwaani nayo. Mchezo mwingi utausikia ukiwa umeupa mgongo.

Kombe la Asia la 2027 litachezwa Saudia, Kombe la Dunia la mpira wa kikapu mwaka huohuo Doha, na Kombe la Dunia la 2034 Saudia tena. Watu wetu watakuwa huko. Mafunzo ya kabla ya safari yanafundisha kutumia mashine ya kufulia na kupiga pasi; yaongeze saa moja ya benki, laini ya simu na siku ya mapumziko. Na kabla hujatia sahihi, tafuta kifungu cha mapumziko kwenye mkataba: kitaje siku yenyewe, na kiseme kama unaruhusiwa kutoka nje siku hiyo. Kisipotaja, mwambie wakala aandike mbele yako, kisha upige picha ukurasa huo na kuutuma kwa mtu wa nyumbani.