Mtoto Atoe Kilicho Chake

Krismasi ya mwaka juzi nilimnunulia binti yangu zawadi ya kupeleka kanisani, ile ambayo watoto wa shule ya Jumapili huwakusanyia wenzao wasio na kitu. Niliichagua mimi, nikailipia mimi, nikaifunga kwa karatasi ya kung'aa, nikamkabidhi mlangoni tukiwa tunatoka. Aliibeba vizuri, akaiweka mbele pamoja na za wenzake, akarudi kuketi. Jioni nikamuuliza, "Leo umempa mwenzako nini?" Akanitazama. "Sijui, Mama. Si uliifunga wewe?"

Jibu lile halijanitoka mpaka leo. Mtoto hakukosea. Alitumwa, akafika, akarudi. Mimi ndiye niliyedhani nimemfundisha kutoa, kumbe nimemfundisha kupeleka mzigo.

Wazazi wengi Wakristo tunafanya hivyo kila Desemba, tena kwa nia njema. Tunataka mtoto ajue kwamba sikukuu hii si ya kupokea tu. Lakini moyo haujifunzi kutoa kwa mkono kushika kitu cha mwingine. Soma Mathayo 2 polepole pamoja na mtoto. Mamajusi wanaingia nyumbani, wanamwona mtoto pamoja na Mariamu mamaye, wanaanguka na kumsujudia, kisha wanafungua hazina zao na kumtolea dhahabu, uvumba na manemane. Hazina zao wenyewe, walizozibeba safari ndefu. Na magoti yalitangulia mikono: walimtambua kwanza aliye mbele yao, ndipo wakafungua. Mimi sasa naanzia hapo kila ninaposimulia. (Idadi yao haikuandikwa popote katika Injili. Sisi husema watatu kwa sababu ya zawadi tatu, na watoto hufurahi sana wakiligundua hilo wenyewe.)

Kuna habari nyingine ambayo watoto wetu ni nadra kuisikia. Luka 2 inasema Yesu alipopelekwa hekaluni akiwa mchanga, sadaka iliyotolewa ilikuwa ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Fungua Walawi 12:8 utaona hiyo ni sadaka ya mama ambaye mali yake haitoshi kupata mwana-kondoo. Yaani Mwokozi wetu alilelewa katika nyumba iliyotoa sadaka ya maskini. Natamani kila mtoto alijue hili, na hasa yule ambaye kwao hakuna cha kufunga kwenye karatasi. Yeye naye ni mtoaji. Kila mwaka tunampanga mstari apokee, tunampiga picha akiwa ameshika zawadi, na hakuna anayemuuliza yeye amekuja na nini: wimbo, mchoro, mkono wa kumwongoza mdogo wake. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Nawasihi wazazi wenzangu, siku hiyo simu zibaki mfukoni.

Linaloniuma zaidi ni yale maneno, "Ukiwa mtoto mzuri utapata zawadi ya Krismasi." Nimeyasema mimi mwenyewe, na nimeyaacha. Zawadi inayongoja tabia njema ni mshahara. Mungu hakungoja. Paulo anawaandikia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, na hilo ndilo lililoanza pale horini. Hata Nikolao, askofu wa Myra wa karne ya 4 katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ambaye kwake ilitoka sura ya Baba Krismasi, anakumbukwa katika simulizi za kale kwa kutupa fedha usiku ndani ya nyumba ya baba aliyekosa mahari ya binti zake watatu. Hakuuliza kwanza kama mabinti wana adabu. Mtoto aliyezoeshwa kulipwa atakua akitoa kwa hesabu, akimpa aliyempa na kumruka asiyempa.

Mwaka jana basi nilimwambia binti yangu achague mwenyewe, katika vitu vyake. Akaleta boksi lake la kalamu za rangi, akalimwaga mezani, akatenga tatu: ya kahawia iliyobaki kipande, nyekundu iliyovunjika ncha, na nyeupe, ambayo ukichorea kwenye karatasi haionekani. Maneno yalinifika mdomoni. Nilitaka kumkumbusha Daudi aliyekataa kumtolea Bwana sadaka asizozigharimia. Nikanyamaza, kwa sababu Maandiko hayohayo yanasema mtu asitoe kwa huzuni wala kwa lazima, na mama akikukazia macho, hiyo ni lazima.

Usiku nikamsomea habari za mjane na senti zake mbili katika Marko 12. Sikuongeza neno. Tukasali, nikazima taa.

Kesho yake, akiwa anafunga viatu, akauliza, "Yule mjane alibaki na nini?"

"Hakubaki na kitu."

"Na Yesu hakumrudishia?"

"Haikuandikwa. Imeandikwa tu kwamba Yesu alimwona, akawaita wanafunzi wake awaambie."

Hakusema zaidi. Siku mbili zikapita, zile kalamu tatu zikiwa palepale mezani. Siku ya tatu nikakuta kifurushi kimefungwa kombo, gundi ya karatasi imepita kila upande, na ile nyeupe imerudishwa kwenye boksi pamoja na kipande cha kahawia na nyekundu yenye ncha iliyovunjika. Nikahesabu zilizobaki. Kijani haikuwepo, wala njano, wala bluu, ambayo ndiyo aliyokuwa akiipenda kuliko zote.

Wiki hiyo alichora hori, kondoo wawili na nyota kubwa. Anga lote alilipaka zambarau.