Darubini si lazima jamani

Kuna mwandishi wa makala kasema kutazama nyota ni mpaka uwe na darubini ya mamilioni, mimi wa huku Moshi nakataa kabisa. Januari Februari mawingu yakipungua we toka tu nje mida ya saa tatu usiku angalia juu utosini, zile nyota tatu zimejipanga mstari ndo mkanda wa Orion (kundi la nyota la Mwindaji), sogea kaskazini-magharibi unakutana na Kilimia, kale kakundi wazee walikuwa wanakatumia kujua msimu wa kulima. Kwa macho utahesabu sita hivi, ila azima bainokula (darubini ndogo ya macho mawili) kwa dereva yeyote wa watalii (wanazo kibao) zinakuwa nyingi mpaka unachanganyikiwa. Mei ukibahatika mvua imekata ipe Kibo (kilele cha Kilimanjaro) mgongo uangalie kusini, kundi la Msalaba wa Kusini hilo hapo limesimama wima! Julai na Agosti ni zamu ya kundi la nyota la Nge na mkia wake uliojikunja, tatizo huku mjini mawingu ya baridi yanaziba kila kitu, afadhali mshuke Kahe, huko tambarare kwenye giza. Nyota ya Kaskazini msihangaike nayo, kwetu iko chini ya upeo wa macho haionekani.