"Limeshaandikwa": tuhuma hii inamnyamazisha nani?

Binti mmoja wa Kipatimu, kule Umatumbini wilayani Kilwa, aliniletea daftari la mistari lenye kurasa 22 zilizojaa mwandiko wake mdogo. Alikuwa ameandika aliyosimuliwa na bibi yake, ambaye naye aliyapata kwa bibi yake mwenyewe: miaka ya njaa iliyofuata Vita vya Majimaji, vile vya wenyeji wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mna ukurasa mmoja ambao sijausahau. Ni usiku, mama yuko juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, na chini yake watoto wawili wanagonga magogo kwa zamu kufukuza nguruwe wasimalize mtama. Mama anaimba ili watoto wajue hajalala. Akinyamaza, zamu ya kuimba ni yao.

Nilipomaliza kusoma nikamuuliza atalitoa lini. Akainamisha kichwa. "Mwalimu, Majimaji si imeshaandikwa sana? Wataniuliza mimi nina jipya gani."

Nimelisikia swali hilo kwa watu wengi, na karibu kila mara aliyeniuliza alikuwa na kitu mkononi. Ndiyo maana nataka tulipime hapa, pande zote mbili.

Wanaosema "limeshaandikwa" hawana nia mbaya, na hoja yao ina uzito. Nimesahihisha insha za Majimaji kwa miaka mingi, na nyingi ni insha moja. Mganga Kinjikitile anazama bwawani Ngarambe, anatoka nguo zikiwa kavu, anagawa maji ya dawa, watu wanaambiwa risasi zitageuka maji. Kisha zinafuata sababu za kushindwa: silaha duni, ukosefu wa umoja, na nyingine tunazozijua kwa moyo. Kila Februari, Songea inapowakumbuka mashujaa wake walionyongwa mwaka 1906, baadhi ya makala zinazotoka ni zile za mwaka uliopita zilizobadilishwa tarehe. Msomaji ana saa zake, mchapishaji ana karatasi yake, na hakuna anayewiwa kusoma jambo lile lile mara ya hamsini.

Tena kurudia kunaharibu. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake ya *Kinjeketile* mwaka 1969, alieleza wazi kwamba mhusika wake ni kiumbe wa sanaa, si picha ya yule mtu wa Ngarambe. Hata jina lao linatofautiana kwa irabu mbili. Lakini nimesoma insha zinazochukua maneno ya jukwaani na kumtia mdomoni Kinjikitile Ngwale wa historia, kana kwamba kuna karani aliyekuwa amekaa pembeni akiyaandika mwaka 1905. Wa kwanza alichanganya, wa pili akamnakili wa kwanza, na wa kumi anaandika kwa uhakika kabisa. Anayeonya juu ya jambo hili analinda ukweli, nami nampa haki yake.

Lakini tazama onyo lake linamwangukia nani. Anayedesa halisikii. Yeye anafungua makala ya mwenzake, anakata, anabandika, anabadilisha kichwa cha habari, na usiku analala vizuri. Hajawahi kunijia mtu akaniambia, "Mwalimu, naogopa kunakili kwa sababu wengine wameshanakili." Anayeogopa ni yule aliyesoma kiasi cha kujua kuna wakubwa waliomtangulia, na ana heshima ya kutosha kuona haya mbele yao. Tunatega mtego kwa ajili ya nguruwe, anaingia mwenye shamba. Vitabu vya kunakiliwa vinaendelea kutoka, na daftari la Kipatimu linarudi chini ya godoro.

Kuna hesabu mbili ninazozirudia kila ninaposikia kwamba Majimaji imekwisha. Ya kwanza ni ya siku. Pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima iling'olewa Nandete Julai 1905, vita vikaanza. Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Vita viliendelea hadi 1907. Yaani mtu ambaye insha zetu zinamzunguka tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho aliviona vita hivyo kwa siku chache tu, kisha vikaenda karibu miaka miwili bila yeye, vikafika Mahenge, vikafika Ungoni, vikafika mahali ambako huenda wengi hawakuwahi kumwona. Wino mwingi umemwagwa kwenye siku chache za mwanzo. Miaka iliyobaki, kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili, ina aya mbili tatu.

Ya pili ni ya watu, na ndiyo inayoniuma. Kwa upande wa Wajerumani waliokufa wanajulikana hadi mmoja mmoja: Wazungu 15, na askari na wasaidizi wao Waafrika 389. Kwa upande wa wenyeji, serikali ya Wajerumani yenyewe ilikadiria 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamefika hadi 300,000. Toa moja kwenye nyingine, unabaki na watu 225,000. Huko ni kutojua kwetu tu: ukubwa wa shimo lililopo kati ya kadirio moja na jingine. Kwa nini shimo ni kubwa hivyo? Kwa sababu wengi hawakufa kwa risasi mbele ya ofisa mwenye daftari. Majeshi yalichoma vijiji, yakachoma maghala na kuharibu mazao shambani, na njaa ikamaliza kazi. Watu walikufa majumbani, walikufa njiani wakitafuta mihogo kwa ndugu, walikufa porini wakichimba ming'oko, viazi vya mwituni. Hakuna aliyewahesabu. Waliobaki hai kusimulia walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake na watoto waliokuwa wakilinda kile kidogo kilichobaki.

Sasa rudi kwenye dungu lile. Mama anayeimba usiku yumo ndani ya shimo hilo. Katika kurasa zote 22, Kinjikitile hatajwi hata mara moja. Binti aliniambia hilo kwa aibu, kama kasoro ya kazi yake, akauliza kama aongeze sura moja ya mwanzo ili watu waamini kwamba kweli anaandika juu ya Majimaji.

Na wale nguruwe! Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri alichapisha utafiti juu ya Majimaji upande wa Uzaramo, akaweka njaa, nguruwe pori na mvutano wa wanawake na wanaume katikati ya habari. Miaka 92 tangu vita vianze, jambo la nguruwe likapata nafasi yake katika maandishi ya kitaalamu. Kabla ya hapo vitabu vilikuwepo, tena vizito. Nguruwe nao walikuwepo muda wote, kwenye masimulizi ya mabibi, wakisubiri mtu asiyedhani kwamba habari imekwisha.

Fikiria pia mwaka 1968. Wakati huo wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee juu ya vita hivyo. Kufikia hapo von Götzen, gavana wa Kijerumani wakati wa vita, alikuwa ameshatoa kitabu chake tangu 1909, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikuwa ameshatunga utenzi wake juu ya vita hivyo. Mtu angeweza kabisa kuwaambia vijana wale: mtawala ameandika, mshairi naye ameandika, ninyi mnatafuta nini? Mzee aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na 78 mwaka ule. Wangesubiri miaka kumi kwa kuona haya, wangekuta makaburi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kutoka upande wa waliopigana tunayajua kwa sababu watu walikwenda kuuliza jambo ambalo tayari lilikuwa na vitabu.

Nimewasikia wengine wakisema kwamba huo ni utafiti, na uandishi wa sanaa ni jambo jingine: hadithi iliyokwisha kutungwa na fundi haiguswi. Hapo nadhani tunasahau desturi yetu wenyewe. Washairi wa pwani walikuwa na bahari nzima, yaani aina ya ushairi, kwa ajili ya kazi hii, nayo inaitwa takhmisa. Mshairi anachukua shairi la mwingine, mara nyingi la mtu mkubwa kuliko yeye, na kila penye mishororo miwili anaongeza mitatu yake, ubeti unakuwa wa mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, yule yule wa utenzi wa *Al-Inkishafi*, alifanya hivyo kwa mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Wachache waliimbwa kama Liyongo katika pwani ile. Na baada ya Sayyid Abdallah, mwaka 1913, Muhammad Kijumwa wa Lamu akaiandika tena habari ya Liyongo kwa utendi, na ndio tunaousoma mpaka leo.

Linaloninyima usingizi katika takhmisa ni mpangilio wake. Mishororo mitatu mipya hutangulia, ile miwili ya zamani huja mwisho. Maana yake aliyechelewa kuzaliwa ndiye anayefungua mdomo kwanza, kisha yule wa kale anaingia kama mtu anayemjibu. Mshairi mpya lazima vina vyake vipokelewe na vina vya mwenzake. Akikosea, ubeti unavunjika mbele ya watu wote wanaoujua ule wa asili kwa moyo. Na kwa hesabu, sehemu tatu kati ya tano za shairi ni zake. Hakuna aliyemwambia Sayyid Abdallah kwamba Liyongo ameshasema. Kusema kwa Liyongo ndiko kulikompa mahali pa kusimama.

Hapa lakini wale wa upande wa pili wanarudi na hoja nzito kuliko ile ya kwanza, nami siwezi kuikwepa. Takhmisa haifanyiki kwa shairi usilolijua. Huwezi kutanguliza mishororo mitatu kama hujui ile miwili inaishia wapi. Basi, wanasema, anayetaka kuandika juu ya jambo lililoandikwa asome kwanza yaliyotangulia, vinginevyo atagundua moto kila siku. Ni kweli. Nami nisingependa mtu aandike juu ya Majimaji akiwa hajui kwamba idadi ya waliokufa ina ubishi, au akidhani maneno ya tamthilia ni ushahidi wa mahakamani.

Ninachouliza ni kiasi. Kitabu cha von Götzen ni cha Kijerumani. Utafiti wa Sunseri ni wa Kiingereza, kwenye jarida la wasomi. Simulizi za wanafunzi wa 1968 zipo kwenye maktaba za chuo, na kutoka Kipatimu hadi Dar es Salaam kuna nauli. Tukisema "usiandike mpaka umesoma vyote", tumebadilisha kufuli tu, mlango ni ule ule. Kwa mwenye simulizi ya bibi, sharti ninaloliona la haki ni dogo kuliko hilo: aseme haya kayapata kwa nani, wapi na lini, atenganishe alichosikia na alichodhani, na asijifanye anasimulia vita vizima. Akifanya hivyo, hata kama kuna kitabu hajakiona, aliyekisoma ataweza kuyaweka mawili hayo pamoja. Asipoandika, hakuna wa kuyaweka pamoja na chochote.

Muda wenyewe haupo upande wetu. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na familia ya Nduna Songea Mbano, mmoja wa wale walionyongwa mwaka 1906, ilikuwa bado inatafuta fuvu la mzee wao. Watu wengi waliosikia habari ile walitaka kujua zaidi, wakatafuta, wakakutana na bwawa la Ngarambe na zile sababu za kushindwa. Bibi wa Kipatimu ana umri mkubwa. Simulizi yake imepita vinywa viwili tu tangu usiku ule wa dungu. Kinywa cha tatu ni cha binti huyu anayeona haya.

Tulikaa tena wiki iliyopita. Nilimwomba aandike kwenye ukurasa wa kwanza jina la bibi yake, kijiji, na mwezi aliosimuliwa. Alikuwa amerudi nyumbani kuuliza mambo niliyomwekea alama, na bibi alimwongezea moja ambalo hakuwa amelitaja mwanzo: wimbo ule wa usiku, beti mbili, kwa Kimatumbi. Sasa uko ukurasa wa 23, kwa kalamu, na chini yake ameanza kuufasiri.

Aliniuliza tena kuhusu ile sura ya Kinjikitile. Nikamwambia aiache. Aanze na dungu.