Dada kanipigia usiku wa manane kisa dadu

Dada yangu yuko Minneapolis na juzi kanipigia saa nane usiku za huku Tanga, nikajua tayari msiba, kumbe ni mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Mwanawe wa miaka 13 kila Jumamosi anaenda maktaba ya mtaani kwao, wanakaa mezani na wenzie wanne masaa matatu, manne, wana karatasi na penseli na dadu za ajabu ajabu, sasa siku hiyo mama mtu kafungua begi kakuta kitabu kina picha ya shetani na mapembe yake. "Kaka, mtoto anasomeshwa uchawi huku." Nikamwambia tulia kwanza nikausome, maana na mimi nilikuwa sijui kitu.

Kwa asiyeujua, mmoja anakuwa msimulizi, anasema mmefika pangoni, mlangoni kalala zimwi, mnafanyaje? Wengine kila mtu kamtunga mhusika wake, anasema nanyata, napigana, naongea nalo, na kwenye jambo gumu unarusha dadu, kubwa yao ina nyuso 20, namba ndo inasema umepita au zimwi limeamka. Ulitoka mwaka 1974, waliouanzisha ni Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson ambaye alikuwa mtu wa Minnesota, yaani dada kahamia kabisa kwenye chimbuko la tatizo lake.

Na hofu yake sio mpya. Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 alipotea Michigan State University, mpelelezi wa kulipwa akasema labda ni huu mchezo, kaingia nao kwenye mahandaki ya chini ya chuo, magazeti yakashika hapohapo. Kijana alipatikana hai, alikuwa na sonona na mambo yake mengine mazito kabisa, lakini stori ilishatoka. Halafu Patricia Pulling wa Virginia, huyu mwanawe alijiua mwaka 1982, akaanzisha kikundi cha kuupinga, mwaka 1985 mpaka 60 Minutes, kipindi cha TV cha Marekani, wakamhoji. Mimi siwezi kumcheka yule mama, ukizika mtoto utatafuta sababu popote. Ila Michael Stackpole, mwandishi na mtunzi wa michezo, mwaka 1990 alizipitia hesabu za yule mama za vifo vya wachezaji akaonyesha hazisimami, wachezaji walikuwa wengi mno na vifo walivyokuwa wanavihesabu wala havikuzidi vya vijana wasiocheza. Kampuni iliyokuwa inauuza mchezo nayo iliogopa, toleo la 1989 likatoa majina ya mashetani likawapa majina ya kubuni, baadae wakayarudisha.

Kwa hiyo Wamarekani walishapanic wakapoa, nikataka nimwambie dada na wewe poa. Halafu nikajishtukia. Kwa Mmarekani mchawi ni mzee wa ndevu ndefu kwenye katuni, kwetu huku ni neno ambalo mtu akibandikwa anaweza kufa, vikongwe wangapi Shinyanga na Mwanza wameuawa kisa macho mekundu, na sisi tumekulia Tanga ambako jini halijadiliwi kama lipo au halipo. Mtoto akisema "mimi ni mchawi" mezani pale wenzie wanasikia hadithi, mama yake anasikia kitu kingine kabisa, na wote wako sawa. Yule mtoto mwenyewe ni mtoto wa Minnesota, kwake zimwi ni karatasi, ila mama hawezi kulisikia hilo neno kwa masikio ya mwanawe na sioni kwa nini tumlazimishe.

Dada akanitolea na ya dadu. Kuna hadithi ya Mtume katika Sahih Muslim kuhusu nardashiri, ule mchezo wa dadu, kwamba anayeucheza ni kama kachovya mkono wake kwenye nyama na damu ya nguruwe. Wapo masheikh wanaokataza dadu zote, wapo wanaosema ubaya ni kamari, na pale mezani hamna hela inayoshindaniwa. Mimi sio sheikh nikamwambia aulize msikitini kwake. Ila kilichonigusa zaidi ni kasisi, humo mchezoni ukichagua mhusika wako awe kasisi unamchagulia na mungu wa kutunga, na hapo kwa nyumba ya Kiislamu nakubali kabisa mama ana haki ya kusema huyu hapana.

Upande wa pili tusimdhulumu mtoto. Dada mwenyewe kakiri kwamba miaka miwili nyuma alikuwa hana rafiki hata mmoja, ni simu na chumbani, sasa anasoma kitabu kinene, anajumlisha na kutoa kichwani, anabishana na wenzie anashindwa anarudi nyumbani anacheka. Mimi ningeogopa kingine: wiki mbili nyuma ameanza kucheza na kundi la Discord, ile app ya kuchati na kuongea mtandaoni, watu hawajui sura wala umri, mpaka saa saba za usiku na kesho shule. Hapo hakuna jini, kuna mtu mzima asiyejulikana anaongea na mtoto wa miaka 13, na cha ajabu dada hilo alilitaja mwishoni kabisa kama anavyotaja bili ya umeme.

Jumamosi akaenda maktaba akakaa nao saa nzima. Discord kaifuta, maktaba karuhusu, sheikh bado anasubiriwa, ila mchawi marufuku na kasisi marufuku. Mpwa kakubali, kachagua mhusika mpya, sasa hivi ni mwizi, anafungua makufuli ya watu na kuiba mikoba, na dada kanipigia tena.