Salamu majini: nani apunguze mwendo kwanza?

Mbele ya mji wa Lamu, kwenye mkono wa bahari unaoutenga na kisiwa cha Manda, kuna manung'uniko ya siku nyingi kati ya watu wa tanga na kafi na watu wa injini. Wa kwanza wanasema vijana wa boti za kasi wanapita bila hata kuinua mkono, wanawaachia mawimbi na kwenda zao. Wa pili wanajibu kwamba hawana ubaya na mtu, ila wana abiria wa kuwahisha Mokowe, upande wa bara, au uwanja wa ndege, mafuta ni ghali, na hakuna awezaye kusalimiana na kila chombo kutoka Shela hadi gatini. Mimi naegemea upande wa salamu, na nitaeleza kwa nini. Lakini hoja za manahodha wa boti zina uzito kuliko zinavyopewa barazani, na haifai kuzipuuza.

Kwanza tujue kinachogombewa. Salamu ya majini katika pwani hii haikuwa kupungiana mikono tu kama wafanyavyo watalii wakiona kamera. Mashua mbili zikikutana, nahodha mmoja hupaza sauti, "Salaam aleikum!" Akishaitikiwa, yanafuata maswali: "Mwatoka wapi? Upepo vipi huko nje? Mmempita nani?" Kama ni wavuvi, "Mmepata?" Hakuna anayeshusha tanga wala kutia nanga. Mwendo wa upepo wenyewe ndio unaotoa nafasi, na maneno huisha kabla tezi, yaani sehemu za nyuma za vyombo, hazijaachana. Majibu yale yalikuwa sehemu ya kazi. Anayekwenda kaskazini alijua hali ya bahari ya nje kabla hajaifikia. Na chombo kikichelewa kurudi Faza au Kizingitini, utafutaji ulianzia hapo: nani aliyewapita mwisho, na wapi?

Leo kuna simu, atasema mwenye boti, na ni kweli simu imebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Habari za upepo na bei ya samaki hufika mkononi kabla mtu hajatweka. Ila simu humpata unayemjua, mwenye chaji, aliye mahali penye mtandao. Injini ikizima katikati ya maji, yule aliye karibu nawe kuliko wote mara nyingi ni mtu usiye na namba yake. Kitakachokusaidia ni kwamba alikuona, akakutambua, na anakumbuka ulikuwa unaelekea wapi.

Tukubali pia kwamba salamu ya mdomo haiwezekani tena kwa vyombo vya kasi. Boti mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja kwa maili 20 za baharini kwa saa, huzimaliza mita 100 zilizo kati yao kwa sekunde tano hivi. Sauti ya injini imemeza kila kitu. Ukimtaka nahodha aulize habari za upepo katika sekunde hizo, unamtaka atoe macho yake majini, mahali penye mitumbwi, maboya ya nyavu na watoto wanaoogelea. Hoja hii naipokea yote. Hapo mkono mmoja ulioinuliwa unatosha, na hata ukikosekana kati ya boti na boti sioni aliyedhulumiwa.

Ugomvi wenyewe uko kwingine, kwenye wimbi. Chukua mashua inayotoka Manda Maweni na shehena ya mawe ya ujenzi. Imejazwa mpaka maji yamebaki vidole vichache chini ya ukingo, na kwa upepo mzuri inakwenda salama salimini, maana waliomo wanajua wanachokifanya. Boti ikipita karibu na ubavu wake, wimbi la kwanza hupanda ukingo. La pili hukikuta chombo kimeshalala upande, na baharia mmoja anaacha kamba aliyoishika kwenda kufua maji, yaani kuyatoa chomboni. Kama ni mtumbwi wa mzee mmoja anayevua kwa mshipi, hata nafasi ya kufua huenda asiipate. Mtu huyu akisema kwamba hakusalimiwa, halalamikii mkono ambao haukuinuliwa. Analalamika kwamba amepitwa kama gogo linaloelea.

Hapa kuna jambo ambalo hata wenye nia njema hulikosea. Boti ya kasi haifanyi wimbi lake kubwa zaidi inapokwenda mbio kabisa. Wimbi baya hutoka inapokuwa katikati: omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka, tezi imezama, boti haijapanda juu ya maji wala haijakaa ndani yake. Nahodha anayebana mafuta nusu tu, mita chache kabla ya kuufikia mtumbwi, anaweza kumpelekea mwenzake mawimbi mabaya kuliko kama angepita mbali kwa mwendo wake ule ule. Kisha wimbi lake mwenyewe humfuata kwa nyuma na kumsukuma. Kwa hiyo kuna njia mbili tu zinazofaa: kupunguza mapema mpaka boti ikae kabisa majini, au kuzunguka kwa mbali. Nimesikia vijana wakitetewa barazani kwamba "alipunguza kidogo". Huko kupunguza kidogo ndiko kulikojaza maji mashua ya watu.

Sheria inasemaje? Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 hazina neno juu ya salamu. Zina mwendo salama, kanuni ya 6, inayomtaka kila nahodha apime mwendo wake kwa wingi wa vyombo, mwanga na hali ya bahari. Na kanuni ya 18 inakitaka chombo cha injini, kwa kawaida, kikipishe chombo cha tanga. Anayeijua kazi ya tanga letu ataelewa sababu. Mashua inapokwenda bisho, yaani kuelekea unakotoka upepo, haiwezi kunyoosha. Inakata huku na kule. Kila ikibadili upande, foromali, mti unaobeba tanga, lazima ihamishwe mbele ya mlingoti na tanga lizungushwe. Hiyo ni kazi ya watu kadhaa na inataka nafasi. Mwenye injini anageuza mpini kwa mkono mmoja. Kumtaka wa tanga akwepe ni kumpa mzigo yule ambaye kwake ni mzito zaidi. Na ukimpita karibu upande unakotoka upepo unamkinga, tanga linalegea, chombo kinapoteza mwendo pale pale kilipouhitaji. Pita nyuma ya tezi yake. Baharia yeyote aliyefunzwa vizuri analijua hilo bila kusoma kanuni.

Watu wa Lamu wana kipimo kingine cha zamani zaidi. Katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Huraira, aliyepanda ndiye anayemsalimia anayetembea, anayetembea anamsalimia aliyekaa, na wachache wanawasalimia wengi. Kwa kipimo hiki mwenye injini ndiye aliyepanda, na mwenye kafi ndiye mtembea kwa miguu, basi la kuanza ni la boti. Hata hivyo nahodha hodari wa kujibizana anaweza kuushika mwisho wa hadithi hiyo hiyo: boti yangu ina watu kumi na watano, mtumbwi una mmoja, basi wachache waanze. Hana kosa katika hesabu. Ila mimi naona hali ya majini iko karibu zaidi na sehemu ile ya kwanza, kwa sababu tofauti kati ya vyombo hivi viwili ni ya nguvu. Wingi wa abiria haumwezeshi mwenye mtumbwi kufanya lolote, ilhali mkono ulio kwenye mpini wa injini unaweza kuyatuliza maji au kuyachafua.

Sasa niwape manahodha haki yao. Mwendo wa boti si ujeuri mtupu. Mama mwenye uchungu anayeletwa hospitali kutoka kisiwa cha Pate hana muda wa adabu za majini. Msafiri akikosa ndege anamlaumu mwenye boti, hamlaumu mvuvi aliyesababisha kuchelewa. Kila mara injini inapokatwa na kupandishwa tena inakula mafuta zaidi, na mafuta hayo hutoka kwenye faida ndogo ya siku. Abiria nao wana sehemu yao katika jambo hili, sehemu ambayo haisemwi kabisa. Wao ndio wanaopiga kelele "twende, twende," ndio wanaomsifu nahodha aliyefika kwanza, na ndio watakaosimama gatini jioni kusikitika kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima.

Liko pia suala la woga. Mwaka 2011 wageni walivamiwa na kutekwa Kiwayu, kisha Manda, na watekaji walitoroka kwa boti. Baada ya hapo uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu kwa miaka kadhaa. Chombo kinachokusogelea gizani bila taa hakikuletei tena wazo la kuulizana upepo. Nahodha anayeongeza mwendo badala ya kupunguza wakati kama huo simlaumu. Hata hivyo jambo hili lina upande wa pili. Wanaopita wakisalimiana mchana wanafahamiana kwa sura, kwa rangi ya chombo, kwa namna mtu anavyoketi kwenye usukani. Mgeni akiingia anaonekana. Mkondo ambao watu wake wamezoea kupitana kimya ni mkondo ambao mgeni mbaya anaweza kuuvuka mchana kweupe na asiulizwe.

Wengine watasema: kama ni suala la mwenye nguvu kumpisha mnyonge, mbona meli zinazoingia bandari mpya ya Lamu hazitupishi? Gati ya kwanza pale Kililana ilifunguliwa Mei 2021, na meli zake ni kubwa kupita chombo chochote kilichozoeleka maji haya. Hapo jibu linageuka. Kanuni ya 9 inavikataza vyombo vya chini ya mita 20 na vyombo vya tanga kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mlango mwembamba. Meli ya namna ile haisimami ghafla wala haina pa kukwepea. Ikitoka kwenye kina imekwama. Hapo sisi ndio wa kupisha. Ukiiweka kanuni hii pamoja na ile ya 18, utaona kwamba ukubwa hauamui kitu. Anayepisha ni yule mwenye uwezo na nafasi ya kupisha. Kati ya boti ya kasi na mtumbwi, mwenye vyote viwili anajulikana.

Kuhusu mkono wenyewe, nina angalizo moja, hasa kwa abiria wanaopenda kupunga. Kuinyoosha mikono yote miwili pembeni, kuipandisha na kuishusha polepole tena na tena, ni mojawapo ya ishara za kimataifa za kuomba msaada. Salamu ni mkono mmoja, juu, basi. Na nahodha akiona mtu anapiga mikono miwili asidhani anasalimiwa. Ageuze omo akamwangalie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 98, unazitaka nchi ziwalazimishe manahodha wa vyombo vyao kumsaidia mtu yeyote aliye hatarini baharini, mradi wasihatarishe chombo na waliomo. Lakini ni nani atakayemwona mtu huyo ikiwa amezoea kupita watu bila kuwatazama? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa kati ya 43, na wavuvi wale ndio walioanza kuwaokoa waliobaki. Walikwenda kwa sababu waliona, na kwao lililotokea ziwani liliwahusu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sauti na maswali ya zamani tuwaachie wenye tanga na wavuvi, ambao bado wana muda na haja nayo. Mwenye injini asidaiwe maneno. Adaiwe maji yaliyotulia: apunguze mapema au apite mbali, apite nyuma ya tezi ya tanga, ainue mkono akiwa usawa nao ili wajue wameonekana, na asiongeze injini mpaka wimbi lake liwe limewavuka. Mwenye mgonjwa aseme kwa ishara na apishwe. Haya yafundishwe pamoja na taa na jaketi za kuokolea pale vijana wanapotafuta leseni, na wenye boti wakubali kwamba dakika chache za ziada kati ya Shela na gatini ni sehemu ya nauli.

Mahali pamoja ningewapa manahodha ruhusa zaidi, nako ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko unaopitwa kwenda Pate. Pale maji yanangojewa yajae ndipo watu wapite, na yakishaanza kupwa, boti iliyojaa watu ikikata mwendo na kukaa chini inaweza kugusa tope na kubaki pale na abiria wake saa nyingi. Nahodha anayepita katikati kwa mwendo wake, akiwa ameinua mkono tangu mbali, amefanya alilopaswa. Mwenye mtumbwi ndiye ajisogeze kwenye ukingo wa mikoko, ageuze omo kulikabili wimbi, na amjibu.